Makopo Thelathini na Moja

Pale Ndosho, mjini Goma, avenyu yetu inapopanda kidogo kabla ya kukatika kwenye mawe ya volkano, kuna ubao mmoja uliolazwa juu ya mawe mawili meusi, mbele ya karakana ya Kitwana. Kitwana hutengeneza chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma kwa mguu yanayoshusha viazi kutoka Kibumba. Ubao huo nao ulichongwa uwe chukudu, ukapasuka, na Kitwana, ambaye hatupi kitu, akaugeuza benchi. Kila asubuhi Mama Alima huketi kwenye kigoda chake pembeni na termosi mbili za kahawa ya tangawizi, na wenye benchi hufika mmoja mmoja. Kitwana mwenyewe huitwa Frein, yaani breki, kwa sababu anadai kwamba chukudu zake tu ndizo zinazosimama zikiambiwa zisimame. Mahamudi, dereva mstaafu wa lori la njia ya Rutshuru, huitwa Rond-Point, yaani mzunguko wa barabara, kwa sababu hadithi yake lazima izunguke mara mbili kabla ya kutoka. Wa tatu ni Muzee Télesphore Paluku, aliyekuwa karani wa shule ya mapadri kwa miaka thelathini na minane. Huyo huitwa Porte-Plume, mshika kalamu, lakini si mbele yake.

Jumanne hiyo habari ilikuwa moja tu. Watu wa minyoo walikuwa wamerudi. Tangu saa mbili msichana mmoja mwenye koti jeupe alikuwa akishuka avenyu mlango kwa mlango, na kisanduku cha baridi begani na orodha mkononi.

— Anatafuta nini tena? aliuliza Kitwana. Si tulishamupa mavi yetu miaka tatu nyuma? Amemaliza yote?

— Sasa anataka damu, alisema Mahamudi. Mama ya Idriss ameniambia. Damu ya batoto bale bale ba makopo. Trente et un. Hataki mwingine. Nimemupelekea mujukuu wangu mwingine, mukubwa, munene, akasema hapana papa, huyu hayuko kwa liste.

— Kwa nini hao tu?

— Kwa sababu ya zéro. Avenyu nzima zéro! Bazungu wa kule kwa laboratoire bameshangaa. Inaonekana katika Goma yote, Ndosho, Birere, mpaka kwa kambi, hakuna pahali pengine batoto bote thelathini na moja walikosa minyoo. Siye tu.

Mama Alima alicheka ndani ya kikombe alichokuwa akikifuta.

— Siye tu, alirudia. Aksanti kwa tumbo ya Yasmini.

— Alima! alisema Kitwana.

— Nimesema nini? Nimesema aksanti.

Télesphore alishika kikombe kwa mikono miwili na kuangalia barabara ya mawe, koti jeupe likiingia mlango mmoja na kutoka mwingine.

Ukweli wa jambo lile ulikuwa mfupi. Miaka mitatu iliyopita mradi uligawa makopo thelathini na moja, kopo moja kwa kila mtoto wa avenyu, yarudishwe kesho yake asubuhi, choo ndani na jina juu. Siku hiyo hiyo maneno yakaenea: nyumba itakayokutwa na minyoo itapigwa rangi nyekundu mlangoni, na mtoto wake atafukuzwa shule asiwaambukize wenzake. Yasmini, binti wa Kitwana, alikuwa amemeza dawa ya minyoo wiki mbili kabla, dawa aliyoletewa na shangazi yake kutoka Birere. Tumbo lake lilikuwa safi. Basi makopo yote thelathini na moja yakajazwa kutoka kwake, kidogo kidogo, kwa kijiti, nyuma ya karakana, watu wakicheka huku wameziba pua. Na aliyeandika majina juu ya makopo, kwa wino mweusi, kila herufi mahali pake, alikuwa Télesphore.

Namba kumi na saba ilikuwa jina la mjukuu wake, Joyeuse Kasoki, umri wa miaka sita.

Miezi minane baadaye tumbo la Joyeuse lilivimba likawa gumu. Hospitalini daktari alimgeukia babu akamwuliza: mtoto huyu amewahi kupimwa minyoo? Télesphore akatoa mfukoni kadi ya mradi, yenye muhuri wa bluu, imeandikwa kwamba hakuna yai hata moja. Hakuitoa kwa ujanja. Aliitoa kwa sababu ndiyo karatasi aliyokuwa nayo, na maisha yake yote mtu akiulizwa jambo alitoa karatasi. Siku mbili wakatafuta ugonjwa mwingine. Siku ya tatu walipompasua, wakakuta minyoo imesokotana kama kamba, imeziba utumbo. Joyeuse hakuamka.

Hayo hayakuwahi kuzungumzwa kwenye benchi. Walikuja kwenye matanga, walibeba, walizika, na kuanzia hapo ukitajwa ugonjwa wowote wa tumbo mtu mmoja alikuwa akiuliza bei ya viazi.

— Mimi nafikiri, alisema Mahamudi, hata kama Yasmini alisaidia, kuna kitu katika hii avenyu. Musicheke. Hii mawe. Hii mawe ilikuwa moto. Moto wa volkano haufi haraka vile, unabaki chini. Mimi nimeendesha camion miaka ishirini na sita juu ya hii mawe, pneu za magurudumu zilikuwa zinapata moto kabla ya kutembea. Sasa yai ya munyoo ikianguka hapo, itafanya nini? Inaiva!

— Inaiva, alisema Mama Alima. Tutaiuza kwa chumvi.

— Ngoja, alisema Kitwana. Si mawe. Ni mbao. Eucalyptus. Batoto ba hii avenyu bote wanacheza ndani ya vumbi ya mbao yangu. Wanaimeza. Eucalyptus ni dawa ya kifua, kila mutu anajua. Sasa kama inaponya kifua, itashindwa na tumbo?

— Frein, alisema Mahamudi, mutoto wako mwenyewe alizaliwa juu ya hiyo vumbi, na shangazi yake akamununulia dawa ku Birere. Ya nini?

Kitwana alifikiri kidogo.

— Ile ilikuwa ya kuhakikisha.

Télesphore aliwasikiliza na akaona kitu kilichomtia baridi. Hawakuwa wakitania. Walianza kwa kutania, lakini sasa Mahamudi alikuwa akikwaruza jiwe kwa kidole kana kwamba anapima joto lake. Miaka mitatu ya kurudia kwamba avenyu yetu ni safi ilikuwa imewatosha waamini.

Ndipo koti jeupe likafika. Msichana alikuwa mwembamba, viatu vimejaa vumbi jeusi. Alisalimia kila mmoja kwa mkono, wazee kwanza.

— Jambo papa. Jambo papa. Jambo muzee. Mama, aksanti, nitakunywa, nimechoka. Naitwa Héritière Ndagijimana. Niko wa projet ya vaccin, chanjo ya minyoo.

— Karibu mama, alisema Kitwana. Keti. Hii ni benchi ya intelligence.

— Nimesikia, alisema Héritière, akaketi. Hata ku laboratoire wanaongea juu ya avenyu yenu. Na nani aliandika yale makopo? Majina ya wengine yalifika yamefutika, hatukujua nani ni nani. Ya kwenu yalisomeka yote. Tuliwaonyesha wengine kama mufano.

Mahamudi alimwonyesha Télesphore kwa kidevu, kwa fahari. Télesphore aliinamisha kichwa kama mtu aliyepigwa kofi.

— Sasa utufasirie, mama, alisema Kitwana. Vaccin ya minyoo? Munyoo ni mukubwa, nimeuona kwa macho. Sindano itaingiza nini?

Héritière alikunywa kidogo, akaweka kikombe juu ya goti.

— Unaona papa, dawa tuko nayo. Mutoto anakunywa, minyoo inakufa. Lakini anarudi kucheza mu udongo ule ule, WC ni ile ile kwa sababu hapa hamuwezi kuchimba mawe, na kisha miezi tatu ine minyoo imerudi. Kila mara. Vaccin ingefundisha mwili kuikataa ikiwa bado ndogo, kabla haijafika mu tumbo. Lakini kuitengeneza ni nguvu sana. Munyoo ni mwerevu. Anaingia, anawabembeleza askari wa mwili, wanalala, yeye anakaa. Wanasayansi wanatafuta miaka mingi.

— Na siye tunaingilia wapi? aliuliza Mahamudi, ingawa alijua.

— Njia moja ni kutafuta watu ambao mwili wao umeshajifundisha wenyewe. Watu wanaokaa katikati ya minyoo na hawaipati. Wako wachache, mmoja hapa, mmoja kule. Papa, avenyu yenu ina thelathini na moja! Avenyu ya juu yenu, asilimia sabini wagonjwa. Ya chini, sabini na tano. Ninyi, zéro. Tuliandika barua, tukaomba pesa, vita ikafunga njia, tukangoja, tukaandika tena. Leo niko hapa. Tukijua damu ya hawa batoto inafanya nini, wenye kutengeneza vaccin watajua waanzie wapi.

Aliwaangalia kwa uso wa furaha ya kweli, uso wa mtu aliyepanda mlima na kuona alichokuja kukiona.

— Munaweza kunisaidia. Munafikiri ni nini? Wanakula nini? Wanakunywa nini?

Akafungua daftari.

Mahamudi akampa mawe ya moto. Héritière akaandika. Kitwana akampa vumbi la mbao, akaongeza kwamba baba yake, aliyetoka Kasongo, alikuwa akifukiza nyumba kwa majani ya mti huo huo, na kwamba katika ukoo wao wote hakuna aliyewahi kuumwa tumbo isipokuwa mmoja, na yule alirogwa. Héritière akaandika, akaacha la kurogwa. Mahamudi akakumbuka kwamba ku Kibumba aliona kondoo wakilamba jiwe jeusi asubuhi, na kondoo ni mnyama mwenye akili kuliko anavyoonekana. Hata hilo liliandikwa, kwa ufupi.

— Na tangawizi yangu je? alisema Mama Alima ghafla.

— Wewe pia, Alima? alisema Kitwana.

— Batoto wanapita hapa kila asubuhi, nawapa kikombe kidogo. Nani mwingine anawapa? Kama muko naandika, muandike yote.

— Tangawizi, alisema Héritière, akaandika.

Télesphore alikuwa akiangalia kalamu. Alijua vizuri kinachofanywa na kalamu. Neno likiisha kuandikwa hutiwa muhuri, na likiisha kutiwa muhuri mtu huliweka mfukoni, na siku moja hulitoa mbele ya daktari.

— Umeshachukua damu ya wangapi? aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kusema asubuhi hiyo.

— Tisa, muzee. Wazazi walitia sahihi. Bado ishirini na wawili. Ngoja, niwasomee majina, muniambie nani yuko wapi.

Kitwana alisogeza mguu, akakanyaga kiatu cha Télesphore. Si kwa nguvu.

Héritière alisoma. Idriss, amepimwa. Waridi, amepimwa. Yasmini?

— Yuko shuleni, alisema Kitwana haraka. Ana miaka kumi na ine sasa. Ni musichana mukubwa. Ana haya.

Alipokuwa akisema hivyo hakumwangalia Héritière, alimwangalia Télesphore, na Télesphore alielewa. Msichana wa miaka kumi na minne, na shule nzima ije ijue makopo yale yalijazwa kutoka kwake. Lilikuwa jambo la haki kuogopa.

Baharanyi, amehamia Bukavu. Gauthier, yuko dukani kwa baba yake. Donat mdogo, yuko. Télesphore alikuwa akihesabu. Alikuwa na orodha hiyo kichwani kwa mpangilio aliouandika mwenyewe. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita.

— Numéro dix-sept. Kasoki Joyeuse.

Mama Alima aliweka chini kitambaa. Mahamudi aliangalia barabara, kana kwamba kuna camion inakuja.

— Kasoki Joyeuse, alirudia Héritière. Ni wa nani?

— Ni wangu, alisema Télesphore.

— Nitamupata wapi, muzee?

— Kule makaburini, mwanangu. Alikufa miezi minane baada ya kupimwa. Alikufa kwa minyoo.

Héritière alitikisa kichwa polepole, kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mgonjwa.

— Pole sana, muzee. Lakini labda walikosea ugonjwa. Huyu alikuwa zéro.

— Walimpasua. Niliiona kwenye beseni.

— Haiwezekani. Hapa imeandikwa...

— Najua imeandikwa. Mimi ndiye niliyeandika.

— Porte-Plume, alisema Kitwana kwa sauti ya chini, na hakuona kwamba amelitamka jina lile mbele ya mwenyewe. Nakuomba.

Télesphore alimgeukia.

— Kitwana, mtoto wako hana kosa lolote. Alifanya alichoambiwa na watu wazima. Kama kuna mtu wa kuchekwa avenyu hii, wamcheke aliyeshika kalamu.

Kisha akamwambia Héritière yote, bila kupamba na bila kutaja jina la msichana. Makopo thelathini na moja, mtoto mmoja, dawa aliyokuwa ameimeza wiki mbili kabla. Alisema taratibu ili aweze kuandika, lakini hakuandika.

— Na mama yake aliniuliza, alisema mwishoni. Binti yangu, Micheline. Siku ya kuzika. Hakuwa nyumbani siku ya makopo, alikuwa amepeleka maharagwe Butembo kuuza. Aliniuliza: baba, ile kadi ilikuwa ya kweli? Nikamwambia ilikuwa na muhuri. Nilimjibu hivyo. Sasa anakaa Butembo na hanipigii simu, na hajui bado. Nitamwambia. Ilinipasa nimwambie kwanza yeye, kabla yako.

Héritière alikuwa ameweka mkono juu ya kisanduku cha baridi, kile chenye chupa tisa za damu, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala.

— Hizi tisa, alisema, nimechoma batoto bure.

— Tuwarudishie? aliuliza Mahamudi, na hapo hapo akaona aibu.

— Hairudishwi, papa, alisema Héritière. Alifuta kitu machoni kwa mgongo wa mkono, akakasirika kwa kukifuta. Miaka tatu! Munajua wangapi wanasubiri hii kitu? Kama tungewapata na minyoo, tungewapa dawa wiki ile ile. Bure. Gari ya dawa ilipita hapa. Ilipita hapa hapa, mbele ya hii benchi, ikaenda avenyu ya juu, kisha avenyu ya chini, kwa sababu ninyi mulikuwa zéro.

Walilikumbuka gari. Walikuwa wamelipungia mkono. Mahamudi alikuwa amepaza sauti akamwambia dereva kwamba hapa hakuna wagonjwa, hapa ni Ulaya, na benchi nzima ikacheka mpaka Mama Alima akamwaga kahawa. Joyeuse alikuwa amesimama mlangoni siku ile, kidole mdomoni, akiangalia gari.

— Tuliogopa rangi, mama, alisema Kitwana, na sauti yake ilikuwa imepungua. Musituhukumu vile. Tuliambiwa nyumba zitapigwa rangi nyekundu. Batoto watafukuzwa shule. Ungekuwa na mutoto ungefanya nini?

— Rangi gani?

— Rangi. Ku mulango.

— Nilifanya kazi mu avenyu kumi na moja, alisema Héritière. Hakuna hata mulango moja tulipiga rangi. Hatukuwa na rangi. Nani aliwaambia?

Aliuliza bila hasira, kama mtu anayetaka kujaza sehemu iliyoachwa wazi kwenye fomu. Kitwana alijibu upesi, kwa kuwa swali lilikuwa jepesi.

— Rond-Point alituambia. Mahamudi, si ni wewe?

— Mimi? Mimi nilisikia kwa Alima. Nilikuja kunywa kahawa, nikakuta anasema.

— Uongo! alisema Mama Alima. Nilikuwa nauliza tu. Nilikuwa nauliza kama ni kweli, kwa sababu Kitwana alikuwa amesema pale ndani, anachonga gurudumu, akasema, hawa watu wakikuta minyoo utaona, watapiga hata rangi.

— Ilikuwa mzaha! alisema Kitwana. Mimi nilisema "utaona". Kusema "utaona" si kusema. Na shule sikusema. Shule nani alisema?

— Shule ni Mahamudi, alisema Mama Alima.

— Shule nilisikia kwa Frein!

— Nyekundu je? aliuliza Kitwana. Nani alisema nyekundu?

Wakaangaliana. Pikipiki moja ilipita ikielekea Birere, ikawaacha ndani ya vumbi, na vumbi lilipotua walikuwa bado wanaangaliana. Héritière alikuwa amefungua ukurasa mpya na kuweka ncha ya kalamu juu yake. Alisubiri. Kisha akamgeukia aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi.

— Muzee, wewe uliandika majina ya wote. Nani aliwaambia?

Télesphore alitafuta. Alirudi siku ile, akapita kila kinywa, kila kikombe, akajiona mwenyewe ameketi palepale akisikiliza, akitikisa kichwa kukubali.

— Sijui, mwanangu, alisema. Tulikuwa hapa wote.